Kioo cha taa kimeota kuvu: isome Land Rover ya zamani kabla ya kuisugua

Land Rover Series III ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na huku kwetu bado hazijaisha barabarani. Zimebeba mkonge, mahindi, wagonjwa, walimu wa vijijini na watalii, na Oktoba 2024 zilikusanyika kwa mamia pale Arusha kwenye tamasha lao. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa hiyo gari linaweza kulala miaka mingi chini ya mwembe na bado likafufuka. Vinavyotangulia kuchoka ni vitu vidogo, na cha kwanza kukuonyesha kwamba unyevu umeingia ni kioo cha taa. Unakuta chini pana kijani, juu pana vidoa vyeusi, katikati pamepauka kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Tunasema kioo, ingawa kwenye taa za nyuma na indiketa za gari hili kioo chenyewe ni plastiki ya akriliki. Hilo ndilo la kushika kabla ya mengine yote, kwa sababu akriliki ina maadui ambao kioo halisi hakina. Petroli, thina, asetoni, hata spiriti, vyote vinaiumiza.

Nimelijua hilo kwa hasara. Kioo cha breki cha kulia kwenye gari letu la Tanga kilikuwa kile kile lilichotoka nacho kiwandani, na baada ya masika moja kikawa na vidoa. Nikalowesha kitambaa kwa spiriti, nikafuta, kikang'aa. Nikalala na furaha. Asubuhi nikakuta kuzunguka matundu mawili ya skrubu pamechanika nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ziko ndani ya plastiki yenyewe, ukipitisha kucha huzisikii. Nikakipeleka kwa fundi mzee niliyemzoea. Nikamwamkia, akakipokea, akakigeuzageuza juani. "Mwanangu," akasema, "hiki kimekunywa spiriti." Hakukuwa na la kufanya tena. Ndiyo maana naomba usisugue chochote kabla hujajua ni nini kilichoshika pale.

Kukivua bila kukivunja

Usisafishe kioo kikiwa kwenye gari. Utasukuma uchafu kwenye soketi ya globu, na nusu ya ugonjwa iko nyuma ya kioo, usikoweza kuiona. Chomoa kwanza waya hasi wa betri. Kila kioo cha nyuma kimeshikwa na skrubu mbili zinazopita kwenye plastiki yenyewe, na pwani skrubu hizo huwa zimeshikana kwa chumvi. Chukua bisibisi inayojaa vizuri kwenye mfereji wa skrubu, bonyeza sana, zungusha kidogo mbele na kidogo nyuma. Ikigoma, tia tone moja la mafuta ya kulegezea kwa ncha ya njiti, pale kwenye uzi wa skrubu tu, uache hadi kesho yake. Usinyunyize kwa kopo, yatatapakaa kwenye plastiki. Moto usiuguse kabisa. Kichwa cha skrubu kikiliwa, kitoboe taratibu kwa keekee ndogo ya mkono hadi kichwa kitoke, kioo kikivuka salama utashughulika na mkia uliobaki kwa koleo. Skrubu ni shilingi chache. Sikio la kioo cha asili likivunjika halirudi.

Kabla hujakitoa, weka alama ya tepu upande wa juu. Kioo cha mviringo kinaingia hata kikipinduliwa, na nimeona zaidi ya kimoja kilichorudishwa juu chini, mwanya wa kutolea maji ukitazama mbinguni.

Sasa kipeleke kwenye mwanga na ukisome.

Dalili: utando wa kijani, umekaa chini, unateleza ukiugusa

Huu ni ndugu wa ule unaoota ndani ya tangi la maji lisilo na kivuli. Unahitaji vitu viwili tu, maji yaliyosimama na mwanga, na kioo cha taa kinampa vyote. Kwa hiyo kijani kikiwa chini kwa mstari ulionyooka, mstari ule ni alama ya kina cha maji. Upime kwa kidole. Ukifika nusu ya kioo, jua taa hiyo imekuwa bakuli kwa wiki kadhaa, na soketi ya globu nayo imeoga.

Kwa bahati, ndio uchafu ulio rahisi kuutoa. Loweka kioo kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone ya sabuni ya kuoshea vyombo, nusu saa. Kisha pitisha mswaki laini, ule wa watoto, ukifuata mistari ya ndani ya kioo. Mistari hiyo imewekwa kwa makusudi, ndiyo inayotawanya mwanga ili dereva aliye nyuma na pembeni auone, kwa hiyo usiikwangue kwa kisu wala steelwool. Kijani kikibaki kwenye pembe za mistari, loweka tena. Subira inafanya kazi kuliko nguvu.

Dalili: vidoa vyeusi au vya kijivu, vingine vina matawi

Hii ndiyo kuvu yenyewe. Haihitaji maji yaliyosimama, hewa yenye unyevu inaitosha, na chakula chake ni vumbi, wadudu waliofia ndani, na mara nyingi gasketi ya mpira. Ndiyo sababu huanzia ukingoni, pale kioo kinapokutana na mpira, ikatambaa kuelekea katikati. Ukiona vidoa vimezunguka kama pete, tatizo ni gasketi. Vikiwa katikati peke yake, taa ilifungwa siku ya mvua au ikafungwa na kitu kilichokuwa bado kibichi.

Usiisugue ikiwa kavu. Mbegu za kuvu huruka, na mwenye pumu ataijua siku hiyo hiyo. Lowesha kwanza, vaa barakoa na glavu, fanyia kazi nje.

Osha kwa sabuni kama nilivyoeleza hapo juu. Doa likibaki, ndipo uchukue jiki, kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya maji, uloweke kioo cha plastiki peke yake kwa dakika kumi hadi kumi na tano, usizidishe. Rangi nyekundu au ya chungwa ya kioo cha asili imo ndani ya plastiki yenyewe, haijapakwa juu, kwa hiyo muda huo mfupi hauiondoi. Kwa kioo kipya cha bei ya chini, jaribu pembeni kwanza. Halafu suuza kwa maji mengi, suuza tena, mpaka harufu iishe. Asiyependa jiki anaweza kutumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa maduka ya dawa. Ni ya polepole zaidi, ila ni ya upole.

Mambo mawili kuhusu jiki, na nayasema kwa uzito wote. Kamwe usiichanganye na siki, wala usiimimine kwenye chombo ambacho dakika moja nyuma kilikuwa na siki. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na watu wameumia mapafu kwa kosa hilo hilo. La pili, jiki isiguse chuma, aluminiamu wala sehemu ya ndani ya taa inayong'aa. Kinachookoa plastiki kinakula metali.

Mara nyingine doa linatoka lakini panabaki kivuli chake. Kwenye plastiki ni rangi ya kuvu iliyozama kidogo, na kwa kupiga polishi inaweza kupungua. Kwenye kioo halisi ni habari nyingine, maana kuvu inatoa asidi inayokula uso wa kioo, na njia zake zinabaki zimechorwa hata kuvu ikishakufa. Wapiga picha wenye lenzi za zamani wanaujua ugonjwa huo vizuri. Hapo hakuna dawa ya kuloweka.

Dalili: weupe

Weupe una sura nyingi, na watu wengi wanauharibia kioo hapa kwa kukimbilia msasa. Fanya jaribio moja dogo kwanza. Lowesha kidole, kipitishe juu ya weupe, angalia.

Ukipotea wakati umelowa na kurudi ukikauka, uso umekwaruzika au umechomwa na jua. Ukipungua kidogo lakini kucha inasikia ukwaruzo kama punje za chumvi, ni chokaa. Ukibaki vile vile, umelowa au umekauka, weupe umo ndani ya plastiki, nao ni nyufa za dawa kama zile nilizojitengenezea mwenyewe.

Chokaa ni tatizo letu la pwani hasa. Visima vingi kuanzia Unguja hadi Mombasa vinachimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa nyingi. Gari linaoshwa kwa maji hayo kila Jumamosi, tone linaingia, linakauka, linaacha pete nyeupe, na wiki ijayo tone jingine linaongeza pete juu ya pete. Siki ya kupikia, nusu kwa nusu na maji, inaitoa. Lowesha kitambaa cha pamba, kilaze juu ya doa dakika kumi, ondoa, suuza. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua, au yale maji safi ya kuongezea betri, yasiyo na asidi. Soma chupa vizuri, kwa sababu madukani zinakaa rafu moja.

Kuna unga mweupe mwingine unaoukuta nyuma ya kioo, kwenye bodi, chini ya taa. Huo si chokaa. Ni aluminiamu ya bodi ikiliwa pale inapogusana na skrubu ya chuma huku chumvi ikisaidia. Ukiuona, usiufute tu ukasahau. Nitaurudia kwenye mambo ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi na chesisi.

Weupe wa jua uko nje tu. Hapa ndipo msasa una haki. Anza na msasa wa maji namba 1000, kioo kikiwa kimelowa muda wote, kisha 1500, kisha 2000, kisha 3000 ukiupata. Kila unapobadilisha namba, badilisha mwelekeo: wa kwanza kulia na kushoto, wa pili juu na chini. Hivyo utaona mikwaruzo ya msasa uliotangulia ikipotea, na usiendelee mpaka yote ipotee. Hii ndiyo siri ya kazi nzima. Ukiruka namba moja, utapiga polishi saa nzima na mikwaruzo itakuwa inakutazama. Maliza kwa kompaundi ya gari na kitambaa laini. Kama hali si mbaya sana, dawa ya meno nyeupe ya kawaida inatosha bila msasa. Paache penye maandishi yaliyochorwa kwenye plastiki, jina la mtengenezaji, Lucas, na namba zake. Msasa ukipita hapo umefuta cheti cha kuzaliwa cha kioo chako.

Tahadhari kwa wenye magari ya karibuni zaidi: taa zao kubwa ni za polikaboneti, na juu yake kuna utando mgumu wa kuzuia jua. Msasa unautoa utando huo, na usipopaka kingine, weupe na umanjano vinarudi kwa kasi kuliko mwanzo. Akriliki ya Series III haina utando huo, kwa hiyo haina cha kupoteza.

Dalili: nyufa za buibui karibu na skrubu

Nimeshaeleza zinakotoka. Plastiki ina mkazo pale skrubu inapobana, na spiriti au petroli inapofika penye mkazo, inachana. Skrubu iliyokazwa mno inaweza kuanzisha hata bila dawa. Hazipoi. Kioo kama hicho kinaweza kuendelea kutumika ikiwa hakivuji na rangi yake ni nzima, ila usikikaze tena kwa nguvu. Mimi changu nimekitunza kabatini, nimekifunga kwenye kitambaa, na kwenye gari pana kingine.

Dalili: nyekundu imekuwa ya waridi, au katikati pameungua

Rangi iliyofifia kwa jua hairudi kwa namna yoyote, na taa ya breki ya waridi ni hatari kwa anayekufuata. Nunua kingine. Gerezani kwa Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga kwa Nairobi, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, huko spea za Land Rover zinapatikana.

Pakiwa na duara la kahawia au pamevimba, globu ni kubwa kuliko inavyotakiwa. Ya breki na taa ndogo ni ya volti 12, wati 21 na 5 katika globu moja, pini zake mbili haziko sawa ili isiingie kinyume. Indiketa ni wati 21. Mtu akilazimisha iingie kinyume, taa ndogo inawaka kwa wati 21 usiku kucha, na plastiki inapikwa.

Dalili: kioo safi, taa bado hafifu

Hii inakatisha tamaa kuliko zote, na mara nyingi haina uhusiano na kioo. Toa globu uitazame. Ikiwa chupa yake imeingia weusi au ukijivu wa fedha, imezeeka. Ibadilishe.

Globu ikiwa nzima, angalia ethi. Kanyaga breki huku mtu akiangalia nyuma. Indiketa ikiwaka kidogo pamoja na breki, au taa ndogo ikififia kila breki inapokanyagwa, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia globu nyingine kwa sababu njia yake ya halali imeziba. Hapo ndipo ule unga mweupe wa aluminiamu unapohusika. Fuata waya mweusi, ndio wa ethi kwenye gari hili. Mwekundu ni wa taa ndogo, wa kijani wenye mstari wa zambarau ni wa breki, wa kijani wenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, na wenye mstari mweupe ni ya kulia. Chomoa viungo vyake, kwangua kutu hadi shaba ing'ae, paka mafuta ya mgando kidogo, rudisha. Pale unapokutana na bodi, safisha unga wote mpaka uone metali. Kwa gari la pwani, mimi hupitisha waya mpya wa ethi kutoka kwenye taa hadi kwenye chesisi moja kwa moja. Ni kazi ya nusu saa inayomaliza ugomvi wa miaka.

Sehemu ya ndani ya taa, ile inayorudisha mwanga, ikiwa imepakwa rangi nyeupe au fedha na imechakaa, unaweza kuipaka upya. Ikiwa ni ile ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia, usiifute kwa nguvu. Ule mng'ao ni ngozi ya aluminiamu nyembamba mno, na kitambaa kikavu kinaibeba. Maji yenye sabuni, pamba, na mkono mwepesi kama unafuta jicho la mtoto.

Taa kubwa za mbele

Zile za inchi 7 za asili zilizofungwa kabisa hazioti kuvu ndani isipokuwa zimepasuka, na zikipasuka ndiyo mwisho wake. Gari nyingi sasa zina aina ya kubadilisha globu, H4, na hizo huota. Njia ya kuingilia ni kofia ya mpira nyuma ya globu, ambayo huchanika bila mtu kuona.

Toa globu na kofia. Mimina ndani maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni, yazungushe kama unasuuza chupa ya maziwa, mwaga. Rudia. Suuza kwa maji ya betri yasiyo na asidi mara mbili, kisha pindua taa tundu likiwa chini, uiache kivulini siku nzima. Usiingize kitambaa, kijiti wala mswaki, maana utachubua mng'ao wa ndani na taa itakuwa bure. Globu ya H4 usiishike kwa vidole kwenye kioo chake. Mafuta ya ngozi yanaifanya ipate joto mahali pamoja na kuungua mapema.

Dalili: inarudi baada ya wiki mbili

Basi hujatibu bado. Umefua shuka la mgonjwa.

Taa inapumua. Ikiwaka, hewa ya ndani inapata joto na kutoka. Ikizimwa, inapoa na kuvuta hewa ya nje. Ukiingia kwenye maji ya mto taa zikiwa zimewaka muda mrefu, au ukiosha gari mara tu baada ya safari ya usiku, inavuta maji badala ya hewa. Jasho jepesi la asubuhi linalokauka ifikapo saa tatu si ugonjwa. Matone yanayokaa mpaka adhuhuri ni ugonjwa.

Kuna njia tatu za maji. Ya kwanza ni gasketi. Chukua chaki, ponda, paka ukingo wa kioo kote, kisha kirudishe kwenye gasketi na kukibonyeza kwa mkono, ukitoe. Pale chaki ilipochapa kwenye mpira, panabana. Pale palipobaki peusi, maji yanapita. Nilipofanya hivi mara ya kwanza, nilikuta sehemu ya upana wa kidole gumba, juu kabisa, haijaguswa na kioo hata kidogo, na kwa nje kila kitu kilionekana kimekaa sawa. Gasketi iliyokauka na kupasuka ukiipinda, ibadilishe. Isipopatikana, kata nyingine kwenye tyubu ya lori, ukiitumia ya zamani kama kipimo. Ile nzima ioshe kwa sabuni na uipake glisirini kidogo. Isiguse petroli wala mafuta ya taa, itavimba.

Ya pili ni mgongo. Taa ndogo na indiketa za mbele zimekaa kwenye madigadi, na nyuma yake tairi inarusha maji na matope moja kwa moja. Mpira wa kupitishia waya ukiwa umeanguka, hakuna gasketi ya mbele itakayokusaidia. Lala chini uangalie kwa tochi.

Ya tatu ni mtu aliyejaza silikoni kuzunguka kioo chote. Nimeiona kwenye magari mengi, na ninaelewa nia yake ni njema. Lakini maji huingia hata hivyo, kwa nyuma au kwa pumzi, na sasa hayana pa kutokea. Mwanya ule wa chini uliachwa kwa kazi hiyo. Tena ile silikoni yenye harufu kali ya siki inakula shaba na chuma cha soketi inapokauka. Itoe kwa kucha na kijiti cha plastiki, fungua mwanya, uuache wazi.

Nitaje na globu za LED, maana wengi wanazihamia. Ni nzuri, hazichomi plastiki, lakini hazitoi joto lililokuwa linakausha taa kila usiku, kwa hiyo gasketi mbovu itajionyesha zaidi. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, nyeupe itatoa mwanga wa waridi. Na indiketa haitapepesa sawasawa mpaka ubadilishe flasha, kile kifaa kinachoipepesa.

Kabla ya kufunga, kila kitu kikauke. Kioo, gasketi, soketi, hata uzi wa skrubu. Siku ya kaskazi, jua likiwa kali na hewa kavu kidogo, ndiyo siku yake, si katikati ya masika. Paka grisi kwenye skrubu, weka washa ya plastiki au ya mpira chini ya kichwa, alama ya tepu iwe juu, na kaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, kwa ncha za vidole. Mpira ukianza kujaa kidogo, acha.

Ndani ya taa, kabla ya skrubu ya mwisho, laza kipande cha karatasi ya chooni chini kabisa, mbali na globu. Mwagia maji kwa kopo kutoka juu kwa dakika tano, taa ikiwa imezimwa na imepoa. Fungua. Karatasi ikiwa kavu, itoe, funga, urudishe waya wa betri. Ikiwa imelowa, tazama ni upande gani umelowa kwanza, uanzie hapo.